Kashata za Mwali

Sukari iliporudi madukani baada ya vita vya Hitla, Mwajabu binti Kondo alijilipiza. Miaka yote ile ya foleni na vibali alikuwa akinywa chai isiyo na kitu huku amenuna. Sasa alitia vijiko mpaka mumewe Salumu akawa anauficha mkebe. Temeke ya siku zile, mikorosho ilikuwa mingi kuliko nyumba na ukikaanga kitu jirani wote wanajua. Basi hapakukaangwa kitamu Mwajabu asijue. Asubuhi kaimati, mchana visheti, jioni halua ya dukani. Akanenepa, akanawiri, na wala hakuna aliyemsema, maana siku hizo mke mnene ni sifa ya mume. Salumu akitembea utadhani kanunua lori.

Lakini kitamu alichokipenda kupita vyote kilikuwa kashata ya nazi, na hiyo ina kisa chake. Zamani, Mwajabu alipokuwa mwali ametiwa ndani, haruhusiwi kutoka wala kusemeshwa ovyo, dada yake Mwanakombo alikuwa akija nyuma ya nyumba, penye tundu la ukuta wa udongo. Hasemi neno. Mkono tu unaingia, na kiganjani mna kipande cha kashata, bado kina joto. Na siku ya kutolewa, Mwanakombo huyo huyo ndiye aliyembeba mabegani mpaka uwanja wa ngoma. Kwao ndivyo ilivyokuwa. Mwali hatembei mbele za watu, hubebwa, na anayembeba lazima atoke upande wa mama.

Mwanakombo alikufa angali kijana, akaacha binti mmoja, Hija. Siku za mwisho alimshika mdogo wake mkono akamwambia, "Hija akivunja ungo, umbebe wewe. Asipandishwe mabega mengine." Mwajabu aliitikia palepale. Nani angebisha na mgonjwa? Na wakati huo alikuwa mwembamba, hakujua anaahidi nini.

Miaka ikaenda. Hija alilelewa Keko kwa baba yake na mama wa kambo, Mwantumu. Habari ikaja kwamba mtoto amevunja ungo, ametiwa ndani, na atatolewa mavuno ya mpunga yakiisha. Mwajabu akajifunga kanga kwenda kumwona. Njia ambayo zamani alikuwa akiikata huku anaimba, leo ilimkalisha chini ya kila mkorosho. Alipofika, jasho limelowesha kanga zote mbili. Mwantumu, mwanamke mkavu, mnyoofu, alimpa maji akamngoja apumue.

"Dada," alisema kwa adabu, "kwani lazima uwe wewe? Mie si wa upande wa mama yake, lakini mabega yangu yapo. Mtoto asije akadondoka mbele za watu."

Mwajabu alitaka kukasirika, hasira ikakosa pa kushika, maana neno lilikuwa la kweli. Mwali akidondoka siku ya kutolewa huimbiwa nyimbo za kumcheka mpaka azeeke. Ataolewa na nani kwa nyimbo hizo? Na akimwachia Mwantumu, basi ahadi ya marehemu imekwenda na maji.

Kesho yake akaenda zahanati kwa Bwana Gaspar, dresa, msaidizi wa daktari, mtu wa bara aliyesema Kiswahili taratibu kama anayehesabu vidonge. Gaspar alimpima, akamsikiliza moyo, akamtazama magoti.

"Mama, acha sukari," alisema. "Na hamu ikikujia, usibishane nayo umekaa. Inuka, tafuna karafuu, nenda kisimani ukachote mwenyewe. Ukirudi itakuwa imepoa."

Rahisi kusema. Mwajabu alitafuna karafuu mpaka ulimi ukafa ganzi. Chai akaitia mdalasini na tangawizi, akaivumilia. Kisimani akawa anakwenda mwenyewe, debe kichwani, na majirani waliozoea kumwona kibarazani wakadhani Salumu kafukuzwa kazi. Muuza visheti alipopita, Mwajabu aliingia ndani akafunga mlango akajishughulisha na mswaki. Lakini hamu ya kashata haikusikia karafuu wala kisima. Ilimjia na harufu ya nazi ya jirani, ikamkaa kifuani, akaona uchungu kama mtu aliyenyimwa haki yake.

Ndipo akabuni ujanja. Akawa anapika kashata kwa mkono wake, halambi hata kidole, anaipeleka Keko kwa mwali. Anaketi mkekani kumtazama Hija akitafuna, huku akimsimulia habari za mama yake, ule mkono wa tundu la ukuta. Alitafuna Hija, koo lililomeza ni la Mwajabu. Na hamu ikatulia kweli. Akawa anarudi Temeke mwepesi, kanga ikaanza kuzunguka mwili na kubakisha pindo la kuchomeka. Akajiona mjanja kupita Gaspar.

Siku moja alasiri akaamua kujipima. Akachuchumaa, Hija akapanda mabegani. Mwajabu akavuta pumzi, akanyanyua. Hakuna kitu. Akanyanyua tena, wakalala mkekani wote wawili.

Mwantumu mlangoni alicheka mpaka akakaa chini. "Dada yangu, ulichokipunguza wewe hukukitupa. Umekihamishia hapa."

Mwajabu alimtazama mwali kwa macho mapya. Mashavu yamejaa, mikono imefutuka, ngozi inang'aa. Kashata zake zote zilikuwa pale zinamtazama.

"Basi tumpunguze," alisema.

"Hapunguzwi mtu hapa," Mwantumu akajibu, na sasa hakucheka. "Mwali akitoka amekonda, watasema mama wa kambo kamnyima chakula. Mie siwezi kuishi na maneno hayo."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililouma zaidi. Mwajabu alirudi kwake. Jikoni kulikuwa na sahani ya kashata za kesho. Akachukua moja, akaifikisha mdomoni, harufu ikampiga, machozi yakamtoka. Alilia kwa kwikwi kama mtoto. Kumbe hakuwa na njaa hata kidogo. Alikuwa na kiu ya dada yake. Tangu wamzike Mwanakombo alikuwa akimtafuta sahanini, kipande baada ya kipande, na hajampata. Akairudisha ile kashata. Sahani akawapelekea jirani, isipokuwa kipande kimoja, akatwaa debe akashuka kisimani.

Tokea hapo akawa anampelekea Hija samaki na mboga kama mama yeyote, na kashata moja tu, "ya mama yako." Debe akalijaza mpaka ukingoni. Akachuchumaa nalo, akainuka nalo, Salumu akimtazama na kuuma mdomo asicheke. Hamu ilikuja, ndiyo. Siku nyingine ilikuja mbaya. Lakini sasa aliijua kwa jina, akainuka nayo wakaenda kisimani pamoja.

Siku ya kutolewa, Keko ilijaa. Ngoma zimewambwa, wanawake wamevaa sare, vumbi limepanda mpaka usoni. Mwali alitolewa amefunikwa kanga mpya, amepakwa mafuta, macho chini. Siku hiyo mwali hafanyi kitu. Hasemi, hatazami, hajitikisi. Mwajabu akachuchumaa, makungwi wakampandisha Hija. Ngoma ikalia. Mwajabu akainuka nusu, goti la kulia likamsaliti, likapiga mchanga.

Mpigaji akapunguza mkono. Mwantumu alisogea, mikono ameinyoosha tayari kumpokea mtoto, na uso wake ulikuwa na huruma tupu. Mwajabu alijua ni sawa ampe. Alikuwa na aibu, na pumzi imekwisha.

Ndipo kanga ikatikisika juu yake. Mkono ukashuka taratibu, ukapapasa shavu lake, ukautafuta mdomo, ukatia kitu. Kashata. Ilikuwa imefumbatwa kiganjani tangu alfajiri, imelainika, ina joto.

Mwajabu aliuma. Nazi, iliki, na jasho la mkono wa mtoto. Mwantumu hakumpokea mwali; aliweka kiganja mgongoni kwa Mwajabu, akakiacha hapo. Mwajabu akainuka. Mguu wa kwanza ulitetemeka, wa pili ukakubali, na ngoma ikamdaka. Alikwenda naye uwanja mzima, uzito wote juu yake, analia waziwazi na kucheza, na vigelegele vilisikika mpaka barabara ya Kilwa.

Jioni kungwi mkubwa alikuja amekunja uso. Mwali amejitikisa, alisema, mwali ametoa mkono mbele za watu, na jambo hilo halijapata kuonekana.

"Ule mkono haukuwa wake," Mwajabu alisema.

Kungwi alimtazama, akamkumbuka Mwanakombo, akajifunga kanga yake akaondoka. Mbele ya Mwajabu palikuwa na sinia la visheti vya wageni. Akalisogeza kwa Mwantumu, akaomba maji.