Nani Anasafisha Choo cha Angavu?

Jina la Bibi Maswali hakupewa na wazazi wake. Alibandikwa ofisini, katika chumba cha ghorofa ya pili ambamo watu sita walikuwa wakiandika mchezo wa televisheni kuhusu Angavu, mji wa miaka elfu ijayo uliojengwa kwenye sayari ya mbali. Angavu hapakuwa na serikali wala fedha, tajiri wala maskini. Kila mtu aliamka asubuhi akafanya kazi aipendayo, na jioni wote wakakutana chini ya paa la kioo kuimba.

"Na choo anasafisha nani?" aliuliza siku yake ya kwanza.

Wenzake walicheka wakashika mbavu. Mkuu wa waandishi, mwanamume wa sauti nzito na ndevu zilizochongwa vizuri, alifuta machozi. "Dada yangu, sisi tuko kwenye nyota, wewe unatuletea choo?"

"Si wanakula?"

"Wanakula."

"Basi."

Jina likaanzia hapo, naye hakuacha kuuliza. Maji yakipungua, nani anakunywa kwanza? Nyumba yenye dirisha zuri anapewa nani, na anayemnyima mwenzake anaitwaje kama si serikali? Profesa, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya miwani yake na uchumi aliousomea ughaibuni, ndiye aliyekuwa na majibu.

"Watu wa Angavu wameshavuka ubinafsi."

"Wamevukia daraja gani?"

Hapo Mkuu huingilia kati na kuandika pembeni mwa ukurasa neno moja: mashine. Mashine ilime, mashine ifue, mashine ifukie wafu.

Kisha uongozi ukaamua kupunguza matumizi. Shangazi, mama mcheshi aliyekuwa akisafisha ofisi yao, akaaga akaenda zake. Mkuu alitia saini barua ya kumwachisha kazi bila kuinua macho, na hakuna aliyejiuliza kesho itakuwaje.

Kesho ilikuja na harufu yake. Ofisi ilikuwa na choo kimoja, mwisho wa ukumbi, nacho kiliziba wiki hiyohiyo. Maji yalipanda hadi ukingoni, yakiwa na rangi ya chai iliyolala, na juu yake karatasi zikaelea kama maandazi yaliyoharibika. Nzi wakahamia na ukoo wao. Uvundo ulipita chini ya mlango, ukaingia kwenye vikombe, ukakaa kwenye nguo. Bibi Maswali alifungua mlango, akaona alama mbichi ya kiatu kwenye sakafu iliyolowa, akaelewa: kuna mtu ameingia, ametazama, ameongeza lake, amenawa kwa sabuni, kisha amerudi mezani kuandika habari za usawa. Uchafu angeuvumilia. Yule aliyenawa ndiye aliyemtia kinyaa.

Kikao kikaitishwa.

"Tuamue kama watu wa Angavu," alisema Mkuu. "Kila mtu afanye apendalo. Nani anapenda?"

Kicheko, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika vichekesho, akainama kutafuta kalamu chini ya meza. Profesa alieleza kwa kirefu namna jamii iliyokomaa inavyogawana majukumu, ila hakugusa suala la nani atashika fimbo ya kuzibulia. Mwishowe wakasema Mapacha, vijana wawili wasio na undugu wowote ila hawajawahi kutofautiana kwa neno: kazi apewe mwenye uchungu nayo zaidi.

"Bibi Maswali amelilia choo tangu alipofika," alisema mmoja.

"Tangu siku ya kwanza," alisema wa pili.

Wakapiga kura. Mikono yote ikanyooka isipokuwa wake.

"Wengi wape," Mkuu akatabasamu. "Usipowapa, watachukua wenyewe."

Angeweza kukataa. Lakini naye alikuwa amebanwa, na haja haina siasa. Akavaa glavu, akajifunga kitambaa puani, akaingia na waya mnene. Alichokoa, akatapika kwenye ndoo, akachokoa tena. Vitu vilimrukia kifuani. Hatimaye maji yakashuka kwa mlio wa mtu anayemeza tonge kubwa. Akasugua kila pembe, akajihudumia, akanawa mpaka viwiko, na alipotoka akafunga mlango, ufunguo akautia mfukoni. Hakuwa amepanga. Mkono ulifanya wenyewe.

Mkuu alikuwa wa kwanza kuja. "Ufunguo uko wapi, mama?"

Mama! Jana alikuwa dada, tena wa kuchekwa.

"Ninao. Ila kwanza niambie, choo cha Angavu anasafisha nani?"

"Mashine," Mkuu akacheka, huku akibana mapaja.

"Haya, iite ikufungulie."

Kufika mchana ofisi ilikuwa imegeuka. Kicheko alimletea chai yenye sukari hadi kijiko kinasimama. Profesa alimnong'oneza kwamba walioziba choo ni Mapacha. Mapacha, mmoja akianza sentensi na mwingine akiimalizia, wakaapa ni Profesa. Mtu akasema maandishi ya Bibi Maswali ndiyo uti wa mgongo wa mchezo. Mwingine akasema, kwa sauti ya chini, kwamba ofisi inahitaji mkuu mpya.

Na Bibi Maswali aliona utamu. Chai ilikuwa tamu, na maneno yalikuwa matamu zaidi. Ndipo akagundua kwamba amekalia kiti cha Mkuu, kile cha dirishani, na hakumbuki ni saa ngapi alikikalia. Akakisukuma kikombe mbali. Ufunguo mmoja wa choo, na tayari kuna mfalme, wapambe na wapelelezi!

Akainuka. "Sikilizeni. Tutasafisha kwa zamu, na anaanza Mkuu. Na kwenye mchezo, Angavu wawepo wazoa taka, wagome, mji unuke, watu wajifunze kugawana. Mnakubali?"

"Tunakubali!" Mkuu alishaupokea ufunguo, anakimbia.

Zamu yake ilipofika, Mkuu alimwaga chupa nzima ya manukato juu ya uchafu, akatangaza amemaliza. Uvundo wa kinyesi ukachanganyika na waridi. Wenzake wakampongeza, maana naye siku moja angewapongeza wao.

Mgomo nao uliandikwa. Rasimu ilipomrudia, Bibi Maswali aliisoma amesimama. Wazoa taka walikuwa wamegoma, kweli, lakini wakidai waongezewe saa za kazi, kwa jinsi wanavyoipenda. Mwisho wake wanaimba.

"Watu gani hawa?" aliuliza.

"Wameshavuka ubinafsi," alijibu Profesa, bila hata kutahayari.

Akaiweka rasimu mezani kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika panya mfu kwa mkia. "Naomba jina langu liondolewe."

"Unaacha kazi nzuri hivi," Mkuu alishangaa, "kwa ajili ya choo?"

"Kwa ajili ya choo."

Aliteremka ngazi. Nje akatambua kwamba amebanwa. Akavuka barabara, akaingia mgahawani, akanunua soda asiyokuwa na kiu nayo, akaulizia msalani. Mlangoni alimkuta mwanamke ameinama na dekio, jasho linamtoka.

"Subiri kidogo, dada. Sakafu imelowa, utateleza."

"Pole na kazi," alisema Bibi Maswali, akaegemea ukuta, akasubiri.