Pai Nyuma ya Goli la Enoch

Nyavu? Nyavu gani, wee! Enzi hizo, msimu wa pili wa ligi ya Uingereza, goli ni nguzo mbili na mti juu, basi. Mpira ukishapita, mgombane wenyewe umepita ndani au nje. Na ndiyo maana Enoch Haydock nusura akose kazi aliyoipenda.

Enoch alikuwa kipa wetu hapa Thrushgill. Wiki nzima anafuma vitambaa kiwandani, Jumamosi mchana mashine zikizimwa huyoo, mbio uwanjani, pamba bado imemjaa kwenye masharubu. Sasa siku ya mechi ya mwisho, Mwenyekiti, Bwana Ormerod, akamshika bega.

"Enoch, leo ukifungwa hata moja, msimu ujao namleta kipa wa Kiskoti. Anadaka kama paka."

Enoch akawaza. Kufuma atafuma, lakini Jumamosi bila goli lake afanye nini? Afuge njiwa?

Basi akadaka siku hiyo, akadaka! Mpaka dakika za mwisho sisi moja, wageni wa Staffordshire hawana kitu. Mara nahodha wao akafyatua shuti, Enoch akaruka, akaambulia upepo. Mpira ukaenda kutua puu! ndani ya kikapu cha pai za nyama alichokiweka nyuma ya goli Mama Tattersall, yule mjane mwenye baa ambako timu zote mbili hubadilishia nguo, na mechi ikiisha hula pamoja.

"Goli!" wakapiga kelele wageni.

"Goli la babu yako! Umepita nje!" wakajibu wetu.

Refa hakuona, moshi wa kiwanda ulikuwa umeshuka uwanjani. Akamwendea mjane.

"Mama, kikapu ulikiweka wapi?"

Enoch akamkazia macho, anamwomba kimoyomoyo.

"Katikati ya nguzo," akasema mjane. "Mimi siongopi. Kaone alama yake kwenye tope."

Refa akakubali goli, tukawa moja-moja. Mechi ikaishia hapo. Enoch akaenda baa kichwa chini, kama anayekwenda kuzika.

Huko akakuta watu wamesimama, njaa inawauma, na Mama Tattersall kauziba mlango wa jikoni, mikono kifuani.

"Mama, tunakufa!" akalia nahodha wa wageni.

"Kufeni. Ya huyo Mskoti nimeyasikia. Kwanza Mwenyekiti aniambie, Enoch anabaki au habaki?"

"Haya ni mambo ya mpira, mama..."

"Ya mpira nini! Tangu Septemba nakiweka kikapu nyuma yake, wakibadilishana magoli nami nakihamisha. Unajua kwa nini? Hakuna mahali salama kama hapo! Kufungwa kafungwa, lakini magoli yote yalitambaa chini kama bata. La leo ndilo la kwanza kupaa. Huyo Mskoti wako, nyuma yake siweki hata ganda la yai!"

"Mzee, mbakishe huyu jamaa," nahodha akadakia. "Nimempiga mashuti tisa, mguu umevimba."

Harufu ya nyama na viazi ikapenya mlangoni. Bwana Ormerod akameza mate.

"Haya, anabaki! Fungua!"

Pai nyingine zilikuwa zimepondwa na mpira, uji mtupu, zikapakuliwa kwa mwiko. Enoch akapewa ile iliyobonyea tu, ina alama ya mpira katikati.

"Hiyo yako," mjane akamwambia. "Mpira wewe ndiye uliyeuachia."

Wakacheka wote, wakabanana kwenye mabenchi, wageni kwa wenyeji, wakaketi wakala.