Sindano Isiyochomwa

Mtahini wa tasnifu yangu alifika robo saa kabla ya wakati, na mimi huwa simwamini mtu anayewahi. Alitundika koti lake kwenye ndoano ya Profesa, msimamizi wangu, akauliza pampu ina muda gani tangu iwashwe, kisha akalizunguka lile pipa la chuma kama mtu aliyekuja kununua ng'ombe. Nyuma yake, kwenye stuli karibu na mlango, alikaa mjomba wangu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Nilimwalika mwenyewe, na majuto ni mjukuu.

Mjomba alikuwa fundi wa vioo wa maabara hii kwa miaka thelathini. Ndani ya pipa tunatoa hewa, tunaingiza gesi kidogo, tunaipiga umeme mpaka iwake zambarau. Hiyo ndiyo plazma. Kuipima, tunachomeka humo sindano: uzi mwembamba wa chuma ndani ya mrija wa kioo, ncha tu ikiwa nje. Unapandisha volti, unasoma mkondo unaoingia, na mwinuko wa mchoro unakuambia elektroni zina joto kiasi gani. Sindano zetu zote zilitoka mikononi mwa mjomba. Naye alikuwa na sharti moja, alilonikaririsha mpaka nikawa naliota: kabla ya kupima, ichome. Ipe volti za kutosha ncha iive nyekundu, uchafu ulioigandia uungue, lakini usizidishe, uzi utayeyuka. Sindano chafu, alisema, haikatai kujibu, inadanganya.

Mwaka jana alistaafu, mikono imeanza kutetemeka. Aliniachia sindano moja. Siku moja nikamkuta nyumbani anahangaika na kifungo cha shati, mkewe anamsaidia, wote wawili wakijifanya hawajaniona. Roho iliniuma. Nikaapa hii ya mwisho haitayeyuka mikononi mwangu, na tangu siku hiyo sikuichoma tena. Miezi saba, sura mbili za tasnifu, na joto la elektronivolti tano, kipimo chetu cha joto la elektroni, kila nilipopima. Namba zilikuwa nzuri, nami nikazipenda.

Sasa nilipandisha volti mbele ya mtahini. Mchoro ukapanda kwenye skrini, laini, hauna kasoro. Profesa akatabasamu. Nikanyoosha mkono kuzima, kama nilivyozoea.

"Usizime," mtahini alisema. "Zishushe polepole."

Niliwahi kuzishusha mara moja, katikati ya ile miezi saba, nikaona nilichoona, nikajifanya sikuona. Mchoro wa sindano safi hushuka kwa njia ile ile uliyopandia. Mchoro wangu ulishuka kwa njia yake mwenyewe, na kati ya mistari miwili palibaki pengo la upana wa kidole.

Pampu ilinguruma. Ningeweza kusema waya umelegea. Uongo ulishafika kwenye ulimi. Ndipo mjomba alipouliza, bila kupaza sauti:

"Mara ya mwisho uliichoma lini?"

"Miezi saba iliyopita, Mjomba."

"Basi ichome."

Nilizungusha swichi ya volti. Kwenye dirisha dogo la pipa ncha iliiva nyekundu, ikawa rangi ya chungwa. Nikahesabu mpaka tatu, nikarudisha. Haikuyeyuka. Nikapima tena, kupanda na kushuka, mistari ikalaliana. Elektronivolti tatu. Sura zangu mbili zikafa pale pale. Mtahini, bila ukali, akasema nirudi baada ya miezi sita na vipimo vipya, vyote. Profesa alikuwa anatazama viatu vyake.

Nilimsindikiza mjomba hadi kwenye korido. Nikamwambia ukweli wote, kwamba niliogopa kuimaliza kwa sababu hakuna nyingine. Alitia mkono mfukoni, akahangaika nao kwa muda, akatoa kasha la miwani. Ndani, juu ya pamba, zilikuwamo sindano nne, mbili zimepinda kidogo.

"Asubuhi na mapema mikono hutulia," alisema. "Sindano ikichomwa inavyotakiwa haimalizi miezi mitatu, mwanangu. Nikawa nasubiri uje kuomba nyingine. Hukuja. Nikadhani umepata fundi mwingine."