Paji Tupu Msimu wa Dashaini

Siku tano mfululizo Tularam alipita vijijini na paji tupu, na huko milimani, sikukuu ya Dashaini ikiwa imepamba moto, kila mtu asiye na msiba alikuwa na paji jekundu. Wakubwa waliwabandika wadogo mchele uliokorogwa na mtindi na rangi, wakawachomeka miche ya shayiri masikioni, wakawaombea. Hata mgeni aliyekuwa akiongozwa na Tularam, Nirupam Babu, mwalimu mstaafu wa Kolkata, alikuwa amebeba usoni mchele wa vijiji vitano.

"Tularam, kila nyumba wanakuita, unakataa. Unaogopa kuharibu sura?"

"Sura iliharibika zamani, Babu. Mwaka huu nataka mkono wa kaka yangu uwe wa kwanza."

Kaka yake, Manbir, hakusema naye kwa miaka tisa. Baba yao alipofariki, Tularam alikuwa juu thelujini na wageni. Manbir aliwasha moto wa kuchoma maiti peke yake, akanyoa kichwa peke yake, akakaa siku kumi na tatu za matanga peke yake. Tangu hapo, kila Dashaini Tularam alijitafutia kazi njia za mbali. Sasa alikuwa na miaka hamsini na sita, na katika ukoo wao hakubaki mkubwa wa kumbariki ila Manbir. Baraka hutolewa mpaka siku ya mwezi mpevu. Zilibaki siku mbili.

Kijijini Simle mama mmoja alimjia na sahani ya mchele wa baraka, akamtazama paji, akasita.

"Jamani, bwana, umepatwa na nini?"

"Nakwenda kwa kaka yangu," alisema Tularam, akainamisha kichwa.

Mama yule akairudisha sahani nyuma ya mgongo. "Pole sana," akanong'ona. Tularam alidhani anapewa pole ya mlima.

Kesho yake mchana, siku yenyewe ya mwezi mpevu, alimwacha Babu apumzike njiani, akaingia ua wa kaka yake. Kimya. Manbir alikuwa ameketi kwenye mkeka, kajifunga nguo nyeupe ya matanga, paji limeoshwa safi. Akainuka kwa shida.

"Nani? Mkeo, au mtoto?"

"Nani nini, kaka?"

"Aliyekufa!"

"Hakuna aliyekufa."

Shemeji yake, Pabitra, akatokeza mlangoni. "Hakuna? Shemeji, jana tumepigiwa simu kutoka Simle: mdogo wenu anapanda, paji tupu, hasemi ila 'nakwenda kwa kaka'. Si tumeosha nyuso nyumba nzima! Shayiri nimeitupa mtoni. Wajukuu wamelia kwa kukatazwa bembea ya sikukuu!"

"Nilitaka kaka awe wa kwanza kunipaka."

"Basi ungesema! Au mdomo nao uliukodisha kwa wageni?" Kisha akamgeukia mumewe, sauti imeshuka. "Mchele upo. Mtindi upo. Nikoroge?"

Manbir akajipapasa paji.

"Rangi ya baraka nimeshaiosha kwa ajili ya msiba. Siwezi kuirudisha kama kofia. Mwaka huu basi."

"Kaka..."

"Tangu jana sijaonja chumvi. Nimekaa hapa nikijiambia, angalau safari hii amekuja tukae matanga pamoja." Akafuta pua kwa kiganja. "Pabitra, mpe chakula."

Tularam alipewa wali wa matanga, mweupe, usio na chumvi. Aliula wote mpaka punje ya mwisho. Halafu kikohozi cha Babu kikasikika kutoka njiani, na nyumba ya kulala wageni ilikuwa bado mwendo wa saa mbili.

Aliinama akagusa miguu ya kaka yake. Mkono haukushuka kichwani pake.

Kwenye kona ya njia aligeuka. Uani hapakuwa na mtu, na mkeka ulikuwa umeshakunjwa.