Majina ya Bondeni kwa Kondo

Saa mbili asubuhi Rukaiya alifungua chumba cha rekodi cha zahanati moja huko Goba, akaifuta kompyuta vumbi, akaanza kuingiza wagonjwa wa jana. Kumi na moja walikuwa wanahara maji matupu. Wote walitoka Bondeni kwa Kondo, na mmoja wao alikuwa mama yake, Bi Mwajabu, aliyelazwa chumba cha pili na dripu mkononi.

Kompyuta hiyo ilikuwa na programu ya kugundua milipuko. Watu watano wa mtaa mmoja wakiugua ugonjwa mmoja ndani ya siku tatu, inapiga kengele wilayani. Programu nzuri jamani, sina ubaya nayo. Ila orodha yake ya mitaa haikuwa na Bondeni. Watu wanaishi kule miaka ishirini, kura wanapiga, lakini hakuna aliyekwenda kupima viwanja, kwa hiyo hawapo. Basi Rukaiya, kama kawaida, akawagawa kwa majirani: wanne Mikorosho, wanne Mnarani, watatu Shuleni. Hakuna mtaa uliofika watano. Programu ikakaa kimya.

Aliporudi kutoka kunywa chai akakuta majina yamehama. Yote kumi na moja yalikuwa chini kabisa ya orodha, kwenye mstari usio na mtaa, na kibodi ilikuwa na tope. Rukaiya akapangusa tope, akayarudisha, maana ndio utaratibu. Yakashuka tena. La mama yake lilikuwa la mwisho, likishuka polepole kwa sababu ya goti lake bovu.

Akamwita mganga mfawidhi, Dokta Gaspar.

"Yamechoka kukaa kwa watu," daktari akasema. "Yaache."

Kumi na moja mstari mmoja: kengele ikalia wilayani. Kabla ya adhuhuri akafika bwana afya, Badru.

"Nimeambiwa mlipuko, ila mtaa hauna jina. Naelekea wapi?"

"Fuata hizo," Rukaiya akamwonyesha.

Nyayo ndogo za tope zilitoka kwenye kibodi, zikapita mlangoni, zikateremka kilima mpaka kwenye kisima cha Bondeni. Badru akazifuata. Jioni ile ile kisima kikafungwa, na boza la maji safi likashuka. Hakufa mtu hata mmoja. Alhamdulillahi, hata mmoja.

Wiki iliyofuata Bi Mwajabu alikuja kwa miguu yake na sahani ya vitumbua, akaiweka mbele ya kompyuta.

"Asante sana mwanangu," akaiambia. Kisha akamgeukia Rukaiya. "Na sie sasa mmetuandika wapi?"

Barua ya makao makuu ilikuwa mezani: mtaa huo haumo kwenye orodha, tafadhali sahihisha.

"Pale pale, mama. Wewe uko Mikorosho."

Bi Mwajabu akafikiri kidogo. Akachukua vitumbua vinne, akavifunga kwenye gazeti.

"Basi hivi nawapelekea wa Mikorosho," akasema. "Wametuhifadhi miaka yote hii, na hatujawahi kuwaambia asante."