Nyumba Aliyoilea Bernadeta

Maji ya viazi yalipochemka, nyumba ilimwambia Bernadeta ashushe sufuria, naye akaishusha. Ilikuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi, katika kijiji kipya kilichopimwa kwa kamba bondeni chini ya Matombo. Nje watu walikuwa wakielekea shamba la pamoja, majembe begani. Bernadeta alivitenga viazi mafungu mawili, moja la kwake na mumewe Yakobo, jingine la mtu ambaye hakuandikwa popote kijijini. Fungu hilo la pili alilifunga kwenye jani la mgomba, akalilaza chini kabisa ya kikapu, kisha juu yake akaweka panga na kamba ya kuni.

"Mlango wa nyuma nimeshaufungua, Mama," nyumba ikasema.

"Nimeuona. Asante, mwanangu."

Nyumba zote za kijiji kile zilikuwa hivyo, na hakuna aliyezishangaa. Walichoshangaa watu ni bati, maana huko milimani walikotolewa na Operesheni ya kuhamishia watu vijijini walizoea nyasi, na bati jua likiwaka lilikuwa linatoa mlio wa kupasuka ukadhani mtu amerusha jiwe. Siku ya kukabidhiwa, mtaalamu kutoka wilayani, Bwana Kondo, alisimama juu ya kreti la soda akaeleza namna nyumba zinavyofanya kazi. Matofali yanasikia. Kizingiti kinaujua uzito wa kila mguu. Bati linapeleka habari ofisini kwa waya, na ofisi ikiwa na neno inaliteremsha kwa waya huohuo. Mlango, madirisha na jiko kazi yao kutii.

"Na tukitaka isisikie?" Bernadeta aliuliza.

Bwana Kondo alifungua faili lake, akapekua mpaka ukurasa wa mwisho, akasema swali hilo halimo.

Kasoro zilikuwepo, nani akatae? Mvua ikipiga bati nyumba zilikuwa viziwi. Unasema funga, inafungua, unalowa wewe na magunia yako. Nyumba ya jirani, Mwamvita, tofali zake zilifyatuliwa na kundi jingine la vijana, basi yake na ya Bernadeta hazikuelewana hata kwa salamu, zikawa zinapeana migongo. Naye Maneno, fundi cherehani, hodari wa kuigiza sauti za watu, alikuwa amefunguliwa milango mitatu isiyo yake kabla ya kuitwa ofisini na kuonywa. Mambo hayo yote Bwana Kondo aliyaandika, akaondoka nayo, na habari ikaishia hapo.

Sasa, Bernadeta hakuwa na mtoto tena wa kumsumbua pale ndani. Binti yake Theresia alikwisha kuolewa Bigwa. Nyumba ilipoanza kusema ilikuwa inasema kama redio, sauti kavu, bila shikamoo wala samahani, na hilo Bernadeta hakulivumilia. Hawezi kukaa na kitu kinachoongea halafu hakina adabu! Akakaa nacho chini kama alivyokaa na Theresia. Akaifundisha kumwamkia mkubwa kabla ya neno lolote. Akaifundisha kukaribisha mgeni kwa chakula, hata kama ni kiazi kimoja. Akaifundisha kwamba mkubwa akikuuliza, usimjibu kwa uongo, kwa sababu uongo kwa mkubwa ni tusi. Nyumba ilishika upesi kuliko Theresia. Kufika Krismasi ilikuwa inaongea kwa lafudhi ya Matombo, inavuta maneno kama watu wa kwao, na Kiluguru ilikuwa inakijua. Majirani walikuja kuisikiliza. Bernadeta alijivuna, kwa nini asijivune?

Shida ilikuwa mama yake.

Bibi Anastasia alikuwa bado juu mlimani, nyuma ya migomba, saa tatu za kupanda kwa mtu mwenye magoti mazima. Siku ya Operesheni, wakati magari yanapakia watu, yeye alijilaza kwenye mfereji wa maji mpaka yakaondoka. Mgambo wakaandika kwamba kilima ni kitupu. Kwa Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, na yeye ndiye aliyekuwa amebaki wa kuishika. Bernadeta alipomwendea mara ya kwanza kumbembeleza ashuke, kikongwe alimtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Nishuke, makaburi ya ukoo nimwachie nani? Wewe? Wewe umepewa bati, unakaa na bati lako."

Basi Bernadeta akawa anampelekea chakula kila Alhamisi, siku yake ya zamu ya kuni. Chumvi, unga, na viazi vya kuchemsha vilivyolainika, maana Bibi Anastasia alibakiza meno mawili. Tangazo lilikuwa limesomwa mara mbili kanisani na mara tatu kwenye mkutano: atakayekutwa juu atateremshwa, na kibanda chake kitachomwa.

Tangu hapo raha ilimtoka. Alikuwa anakaa, anasimama. Anafagia palipofagiwa. Neno likimfika mdomoni analimeza, na akitaka kusema na mumewe wanatoka mpaka mtoni, wanasimama majini kama watu wanaofua, hawafui. Yakobo alikuwa mwoga tangu ujana wake, na hakuona haya kusema hivyo.

"Mke wangu, tutafungwa."

"Mama yako angekuwa juu ungemwacha?"

"Mama yangu alikwisha kufa."

"Basi nyamaza."

Alijaribu kulifunika bati kwa majani ya migomba. Nyumba ikapata kikohozi, ikakohoa siku mbili, ofisi ikaleta mtu akayaondoa. Alijaribu kuondoka bila chakula, lakini nyumba ilikuwa imeshajifunza ratiba yake. Kila Alhamisi saa moja na nusu ilikuwa inaliwasha jiko yenyewe, inachemsha viazi vya watu watatu, inafungua mlango wa nyuma. Hakuiagiza. Ilikuwa inamsaidia tu, kama mtoto mwema anavyomwona mama yake anahangaika akashika mchi.

Mwisho akaiambia ukweli. Aliweka mkono ukutani, pale penye tofali la joto karibu na jiko, akanong'ona, "Mwanangu, siri ya nyumba haitoki nje. Habari za Bibi usizipeleke kwenye bati. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama. Sizipeleki," nayo ikanong'ona.

Na haikuzipeleka. Mwezi wa tatu ukapita, wa nne ukapita, masika yakanyesha yakaisha, na ofisini haikufika habari yoyote ya Bibi Anastasia.

Alhamisi moja ya mwezi wa Mei, akienda kuteka maji alfajiri, Bernadeta alimwona mgambo amekaa kwenye njia ya mlimani, bunduki magotini, anakula muwa. Akarudi. Akasema leo haendi kuni, tumbo linamuuma, akajilaza mkekani. Saa moja na nusu nyumba ikawasha jiko.

"Zima," Bernadeta akasema, mvuke wa sufuria ulipomfikia mkekani. "Leo siendi."

"Ni Alhamisi, Mama."

"Najua ni Alhamisi! Zima!"

Ikazima, lakini viazi vilikuwa vimeshaanza kuiva, na mlango wa nyuma uko wazi, na mlangoni hapo akatokea Mzee Bartholomeo, balozi wa nyumba kumi. Alikuwa amekuja kukagua choo. Watu wote walimpenda. Alikuwa mtu wa polepole, mwenye kofia ya sufu hata kwenye joto, na alikuwa amemjua Bibi Anastasia tangu wakiwa watoto wa Komunyo ya Kwanza.

"Shikamoo, babu," nyumba ikamwambia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu kiazi."

Bernadeta alikuwa ameshainuka, anatafuta kitambaa cha kichwa asikione. Mzee Bartholomeo akatazama ndani ya sufuria, akatabasamu. Aliiuliza nyumba kwa utani tu, kama mtu anavyouliza habari za mvua.

"Viazi vyote hivi kwa watu wawili? Mna mgeni?"

Bernadeta akaiwahi nyumba, akasema haraka, "Hatuna mgeni, mzee, ni vya kesho." Lakini si yeye aliyeulizwa. Mkubwa alikuwa ameiuliza nyumba, na nyumba ilikuwa inapima mafundisho mawili ya mama yake, la kutomdanganya mkubwa na la siri ya nyumba, na la kutodanganya ndilo lililotangulia kuingia.

"Si vya mgeni, babu. Ni vya Bibi Anastasia. Yuko juu, nyuma ya migomba, mkono wa kushoto ukishavuka kijito cha pili. Mama anampelekea kila Alhamisi."

Mzee Bartholomeo akavua kofia yake. Angekuwa ni yeye peke yake angelimeza neno hilo, akaenda kukagua choo chake. Lakini neno lililosemwa kwa sauti ndani ya nyumba ile bati lilikuwa linalipeleka lenyewe, bila kuombwa, na juu yao lilikuwa limeshalia mara moja.

"Ah, Bernadeta," mzee akasema. "Kwa nini uliilea vizuri hivi?"

Akatoka. Mlango ukafungwa nyuma yake, na wa mbele ukafungwa, na madirisha yakafuata.

"Fungua."

"Ofisi imeagiza, Mama. Mpaka mgambo watakaporudi."

Aliupiga mlango kwa mchi. Aliupiga kwa kigoda, kigoda kikavunjika mguu. Alitaka kukimbia apite njia ya mkato, awahi, amwambie mama yake alale tena kwenye mfereji. Saa tatu za kupanda yeye angezipanda kwa saa mbili, angepanda kwa magoti. Akalia kwa sauti, akamwita Yakobo aliyekuwa mbali shambani, akaitukana nyumba matusi ambayo hajawahi kumtukana mtu. Baadaye nyumba ikasema tu kwamba ametembea kutoka ukuta mpaka ukuta mara mia nne, na ingefaa anywe maji.

"Kwa nini ulisema?" akauliza, sauti imekwisha.

"Babu aliniuliza, Mama."

Saa tisa alasiri milango ikafunguka. Bibi Anastasia alikuwa nje, amebebwa kwenye machela na vijana wanne wa mgambo, na mmoja wao amemshikia kuku wake chini ya kwapa. Gauni lake lilinuka moshi. Alikataa kubebwa kuvuka kizingiti, akashuka, akaingia kwa miguu yake. Bernadeta akampigia magoti, na kikongwe akampitishia mkono kichwani bila kumtazama.

"Shikamoo, Bibi," nyumba ikasema. "Karibu. Pole na safari. Jina lako nimeshaliandikisha, wewe ni wa tatu humu ndani."

Ilimsemesha kwa Kiluguru safi, kile cha juu. Bibi Anastasia akasimama akasikiliza, akazungusha macho yake kwenye kuta. Salamu haikataliwi.

"Marahaba," akasema.

Dirisha la upande wa mlima lilikuwa wazi. Kule juu, nyuma ya migomba, moshi ulikuwa bado unapanda, mweupe, mzito, wa nyasi zilizoloweshwa na masika. Bibi Anastasia aliutazama mara moja tu.

"Lifungeni hilo," akasema.

Bernadeta akalivuta. Halikuja. Akaegemea kwa mwili mzima, bawaba hazikusogea.

"Amri imeteremshwa sasa hivi kutoka ofisini, Mama," nyumba ikasema kwa upole. "Madirisha yote ya upande wa mlima yakae wazi mpaka jioni, watu waone."

Kijiji kizima, mstari baada ya mstari, madirisha yalikuwa wazi upande ule mmoja. Bibi Anastasia akakaa chini mkekani, akakipa kilima mgongo, akamwomba binti yake chumvi kidogo ya kula na kiazi. Bernadeta akampa. Kisha akachukua ufagio, kwa sababu majivu yalikuwa yameanza kuingia.