Makalio ya Pasta na Boriti ya Mita Saba

Pasta Laurent wa Rubondo alitaka kanisa jipya lisilo na nguzo katikati, ili hata aliyekaa nyuma kabisa amwone akitoka jasho. Iwe boriti moja ya zege, mita saba, nyembamba kama zile alizoziona kwenye hoteli moja ya Mbarara. Mama Goretti, fundi wa zege, akaenda hukohuko Mbarara kumwuliza Clare, injinia aliyewahi kumfundisha kazi.

“Hii itabeba, haitavunjika,” Clare alisema. “Lakini itainama. Leo kidole moja, baada ya miaka mbili ngumi mzima. Madirisha itakwama, ukuta itapasuka. Ongeza kimo yake, mama, toka juu mpaka chini, si chuma tu.”

Goretti akarudi na kimo kipya: sentimita hamsini badala ya ishirini na tano. Pasta akakunja uso kama aliyekuta vifungo vya shati kwenye kapu la sadaka.

“Munene hivi? Itafunika sura yangu! Weka tu vyuma mingi. Na ikiinama, iiname. Kanisa si fasi ya kuinama? Kama hutaki, nitamupa Parfait kazi.”

Parfait! Yule aliyejenga choo ambacho mlango haufunguki mpaka upigwe teke! Na Goretti alikuwa ameisubiri kazi hii mwaka mzima.

Alichukua ubao mrefu, akaulaza juu ya mabenchi mawili mbele ya kwaya nzima.

“Pasta, kaa pale katikati.”

Pasta akakaa. Ubao ukapinda, ukapinda, mpaka magoti yakafika kidevuni na makalio yakapapasa vumbi.

“Haikuvunjika!” akatangaza.

“Kweli. Sasa mutegue kitendawili: mutu amekaa juu ya mbao, na bado yeye iko chini. Ni nani?”

“Pasta!” kwaya ikajibu, watu wakiangukiana kwa kicheko.

Wakamwinua. Goretti akausimamisha ubao uleule kwa ubavu juu ya mabenchi yaleyale, Mama Pulchérie wa sauti ya kwanza akashika ncha moja usipinduke, mumewe nyingine. Pasta akakaa tena, taratibu, kama kuku juu ya uzio. Ubao haukushuka hata unywele.

“Mbao ni ileile, pasta. Kimo tu ndiyo imebadilika.”

“Inaniuma,” Pasta alinong'ona.

“Inauma, lakini haiinami.”

Pasta akawatazama waimbaji wake wanaofuta machozi, akakohoa, akatoa sauti ya madhabahuni.

“Bwana amenifunulia: sentimita makumi tano! Mama Goretti, utaanza kesho. Parfait atapaka rangi. Sasa munishushe.”